Barua ya wazi kutoka Tabora: Walimu walionitengeneza, na deni lililo mezani kwenu

Kwa: Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia, Waziri wa Nchi anayeshughulikia TAMISEMI, Mkuu wa Mkoa wa Tabora, na wakurugenzi wa halmashauri zote za mkoa huu.

YAH: SHUKRANI KWA WALIMU WANGU, NA MADAI YANAYOAMBATANA NAZO

Waheshimiwa, mwangaluka.

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mtaalamu wa nyuki. Kazi yangu ni kupima asali kabla haijaingia sokoni: ina maji kiasi gani, imepikwa au haijapikwa, ni ya nyuki kweli au imeongezwa sukari. Nazunguka Sikonge, Uyui, Urambo na Kaliua, naingia kambi za warina asali ndani ya miombo, narudi mjini na chupa za sampuli. Kazi hii imenijengea nyumba na inanisomeshea watoto. Kila nikitafuta ilipoanzia, sifiki chuoni. Nafika shule ya msingi ya kijijini, katika wilaya ambayo leo ni Sikonge, enzi zile za UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, tunalipa mchango wake na kukalia matofali.

Najua namna mnavyowashukuru walimu, kwa sababu nimehudhuria. Oktoba 5, Siku ya Walimu Duniani, linafungwa turubai, vinapangwa viti vya plastiki, inakatwa keki, na mgeni rasmi anaanza kwa kusema bila mwalimu hakuna daktari wala rubani. Dakika kumi baadaye hotuba imeshahamia kwenye ufaulu: shule iliyoongoza inapewa kikombe, iliyoshika mkia inaambiwa ijitafakari. Na hapa Tabora lazima akumbushe kwamba Mwalimu Nyerere alisoma Tabora Boys, akarudi kufundisha St. Mary's kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949. Ni kweli, na tunajivunia. Ila mimi nataka kuwaeleza habari za mwalimu ambaye hakuna mgeni rasmi atakayemtaja, halafu niwaambie anachowadai.

Tulimwita Nusu Chaki. Akipewa boksi la chaki ofisini, alizikata zote katikati palepale, kwa madai kwamba chaki ndefu inavunjika ovyo na vipande vinapotea bure. Alitufundisha Hisabati na Sayansi kuanzia darasa la tano hadi la saba. Yeye mwenyewe alikuwa wa lile kundi la walimu wa UPE. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto wa rika la shule awe darasani ifikapo 1977, walimu hawakutosha, wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakawa wanajifunza ualimu huku wameshika darasa. Siku hizi watu hutamka "mwalimu wa UPE" kwa kubeua. Mimi huwa nawaacha waseme, maana jiometri niliyo nayo nimepewa na mtu wa darasa la saba.

Siku moja aliingia na sega kuukuu, jeusi, limekauka, halina asali hata tone. Akalipitisha dawati kwa dawati, kila mtu ahesabu pande za chumba kimoja. Sita. Aliyefuata, sita. Lilipomaliza mzunguko akachora ubaoni miduara iliyogusana, akatuonyesha mapengo yanayobaki katikati. Akachora miraba, ikajaa ubao bila pengo. Akachora pembetatu, nazo vilevile. "Sasa kwa nini nyuki hajengi mraba?" Hakuna aliyejibu. Akatoa vipande viwili vya uzi vyenye urefu sawasawa, kimoja akakilaza mezani kwa umbo la mraba, kingine kwa umbo la pembesita, akabana kona kwa miiba. Akatoa choroko mfukoni, akajaza kila umbo kwa safu moja, kisha akatuita mbele tuhesabu punje.

Pembesita ilimeza nyingi zaidi, na uzi ulikuwa uleule.

Hapo ndipo alipotueleza kwamba nta ni kitu cha gharama, kwamba nyuki anakula asali nyingi ili atoe nta kidogo, kwa hiyo analazimika kujenga ukuta mfupi unaobeba mzigo mkubwa. Nilipofika Chuo cha Nyuki hapa Tabora nikakuta hesabu hiyohiyo kwenye kitabu kinene. Wenzangu walikuwa wanaikariri usiku kwa usiku. Mimi niliisoma mara moja nikafunga kitabu.

Lakini sega lile nisingekuwepo kuliona kama si jambo jingine alilolifanya kabla yake, na hili ndilo ninaloomba mlisome taratibu.

Mkoa wetu unakula tumbaku. Siilaani, bati la nyumba ya baba yangu lilitokana nayo. Lakini anayeijua tumbaku ya mvuke anajua kwamba kuanzia Februari, majani yakishaanza kuchumwa, bani, kibanda cha kukaushia majani kwa moto, haliachwi peke yake hata usiku mmoja. Moto ukizidi jani linaungua, ukilegea linaharibika rangi na daraja linashuka. Lazima mtu akeshe achochee kuni. Na mlinzi wa moto wa bei nafuu kuliko wote ni mtoto wa darasa la tano. Nilikuwa nafika shuleni macho mekundu kwa moshi, nasinzia mpaka kengele ya mapumziko. Baadaye nikaacha kabisa kufika.

Nusu Chaki alikuja nyumbani kwa baiskeli jioni. Hakuja na barua ya mtendaji, hakuja na mgambo. Aliegesha baiskeli, akakunja mikono ya shati, akakaa chini na mama na dada zangu akaanza kufunga majani kwenye fito. Hakusema neno la shule. Giza lilipoanza kuingia ndipo baba, aliyekuwa akimwangalia muda wote, akamuuliza, "Mwalimu, umekuja kunichukulia mfanyakazi wangu?"

"Hapana, mzee wangu. Nimekuja tupange zamu."

Wakapanga. Usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi ukawa wangu, siku nyingine zikagawanywa kwa kaka zangu na mjomba. Baba akakubali kwa sababu hakuvuliwa uamuzi mbele ya watoto wake. Mama akamfungashia mwalimu matobolwa ya viazi vitamu, akaondoka na kiza chake. Jumatatu nikawa darasani.

Sasa niambieni, waheshimiwa, kazi ile ingeandikwa wapi? Wakati ule hapakuwa na pa kuiandika. Leo pa kuandika papo pengi. Mfumo wa OPRAS wa kupima utendaji wa mtumishi umepita, umekuja wa PEPMIS, mwalimu anaweka malengo na kujaza utekelezaji kwa simu yake mwenyewe, na bando ni lake. Walimu ninaopita shuleni kwao wamenionyesha wanavyojaza: vipindi vilivyofundishwa, mada zilizokamilika, mitihani iliyosahihishwa. Mtoto aliyerudishwa kutoka kwenye bani hana kisanduku. Na tukienda kwa mizani ya ufaulu, Nusu Chaki pengine alijiharibia, maana watoto wa aina yangu, waliokosa vipindi, ndio wanaoshusha wastani wa shule. Mwalimu mjanja anayetafuta kikombe cha Oktoba 5 angetuacha hukohuko kwenye moshi.

Mwaka 2016 Serikali ilianza kutoa elimu bila ada hadi kidato cha nne, na mlistahili makofi. Ila ada haikuwa kizuizi pekee, na kwa wengi wetu haikuwa hata kizuizi kikubwa. Nikipita vijijini Machi bado naona watoto wenye umri wa kuwa shuleni wameketi mbele ya mabani saa nne asubuhi. Sheria ipo, na mtendaji anayo. Sheria ikimfikia baba kwa mgambo, mtoto anarudi shuleni kwa wiki moja, halafu anahamishiwa shamba la mbali zaidi.

Kwa hiyo naomba hivi. Tume ya Utumishi wa Walimu, TAMISEMI na halmashauri mkae, mwalimu anayemfuata mtoto nyumbani, iwe kwenye bani au machungani, awe na mahali pa kuandika kazi hiyo. Mwalimu mkuu aithibitishe, mratibu elimu kata aikague, na ihesabiwe wakati wa kupanda daraja. Na apewe mafuta. Kaliua ni pana, Sikonge ni pana zaidi, mwalimu hawezi kuzungukia vitongoji vya kata nzima kwa pikipiki ya kukodi anayoilipia kutoka mshahara wake.

Nirudi kwenye nyuki, maana huko ndiko nilikopatia mkate.

Tangu Elimu ya Kujitegemea ya 1967 kila shule ilitakiwa iwe na mradi, na shule nyingi zilichagua shamba la mahindi, ambalo kwa kweli watoto walilima na wakubwa wakavuna. (Sitaki ionekane kwamba walimu wangu wote walikuwa malaika. Wapo walionifundisha kupalilia mihogo yao na basi.) Nusu Chaki alichagua mizinga. Aliitundika ng'ambo ya uwanja wa mpira, mbali na madarasa, na akakataza kitu kimoja kwa ukali ambao hakuutumia kwa jambo jingine lolote: mzinga wa gome. Wazee wetu walikuwa wakibandua gome la mtundu au la myombo kuzunguka shina lote, wanalikunja, wanapata mzinga mwepesi na wa haraka. Mti uliobanduliwa hivyo unakufa, na mti ukifa, ua la nyuki limekufa. Sisi tulichonga magogo ya miti iliyokwisha kuanguka, baadaye tukapata mbao.

Kila kikundi kilikuwa na daftari. Tuliandika sega gani lina majana, yaani watoto wa nyuki, lipi lina chavua, lipi limezibwa kwa nta likiwa na asali iliyoiva. Sega la majana haliguswi. Asali isiyozibwa hairinwi, maana nyuki hajamaliza kuipunguza maji. Na moshi ni wa kumtuliza nyuki, kwa hiyo hakuna kuingiza mwenge wa majani unaomchoma yeye na kuiachia asali harufu ya jivu. Haya mambo matatu ndiyo ninayowafundisha watu wazima leo, kwa semina, kwa posho, kwa projekta. Asali ya Tabora ikishushwa bei sokoni, mara nyingi ni kwa sababu ya moja kati ya hayo. Sisi tulipewa bure, tukiwa na kaptura zilizochanika.

Fedha ya asali ilinunua chaki na mpira, na ikawalipia mchango wa UPE wenzetu ambao kwao palikuwa pagumu. Ilibandikwa ukutani: tumeuza madebe haya, tumepata kiasi hiki, tumetumia hivi. Halafu likaja agizo kutoka juu kwamba mapato ya mradi yapelekwe kwanza, yaombewe kibali, ndipo yarudi. Yakaenda. Hayakurudi. Msimu uliofuata mwanafunzi gani angekubali kuumwa na nyuki kwa ajili ya hela asiyoiona? Mizinga ikahamwa na nyuki, ikaliwa na mchwa.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, inaipa elimu ya amali, yaani ya ufundi na stadi za kazi, uzito mpya. Nimeisoma na kuifurahia, ingawa nilitabasamu kidogo, kwa sababu mkondo wa amali ulishawahi kuwepo ng'ambo ya uwanja wetu wa mpira. Kama kweli mnataka amali, katika mkoa wenye miombo na chuo cha nyuki palepale mjini, kuanzieni hapo. Na mwandike kwa maneno yasiyopindika kwamba mapato ya mzinga wa shule yanabaki shuleni, na hesabu yake inabandikwa ukutani mahali ambapo mtoto anaweza kuisoma.

Sekondari nilisoma bweni mjini, na huko mwalimu wangu alikuwa Madam wa Kemia. Yeye nitamweleza kwa kifupi, ingawa kila siku nikifungua maabara namkumbuka. Gesi hapakuwa, tukitumia jiko la mchina. Mafundi sanifu wa maabara hapakuwa, akiosha vyombo mwenyewe hadi saa mbili usiku. Katika zoezi la kupima asidi kwa besi, darasa letu lilikuwa na tabia ya kutazama jibu la mwaka uliopita na kuliandika. Siku hiyo alibadilisha ukali wa asidi bila kutuambia. Waliokuja na jibu safi, linalofanana na la kitabuni, wakapata sifuri. Aliyekuwa na namba mbaya lakini yake mwenyewe alipata maksi. "Andika ulichokiona," alisema, na hakuongeza hotuba.

Asali yenye maji zaidi ya asilimia 20 huchacha. Kipimo chake ni refraktometa, unadondosha tone moja kwenye kioo, unafunika, unatazama kwenye mwanga mstari umekatia wapi. Hakuna msimu unaopita bila mtu kunijia, wakati mwingine ndugu yangu kabisa, na mapipa yaliyosoma 22 au 23. Anayo sababu nzuri sana: mkopo, ada, lori limeshawashwa. "Kaka, weka 19 tu, nani atajua?" Naandika nilichokiona. Nimepoteza marafiki kwa hilo, na asali iliyotoka mkononi mwangu haijarudishwa. Msifikiri huo ni uadilifu wangu, ni sifuri za Madam.

Kuhusu maabara basi nina neno moja. Mmejenga majengo mengi ya maabara, tumeyaona. Sasa leteni mafundi sanifu, ili mwalimu apate nafasi ya kukaa na mtoto anayesoma mstari wa byureti kwa mara ya kwanza. Mwalimu wa Kiswahili aliyenifundisha ufupisho naye nisimsahau. Ripoti zangu zinasomwa mpaka mwisho, jambo ambalo katika ofisi za umma si dogo.

Nimalizie na madai.

Nusu Chaki amestaafu. Kwao ni Kasulu, alikuja Tabora kijana kwa kupangiwa, akaoa huku, akazikia huku wazazi wa mkewe, na sasa anataka kurudi kwao. Kanuni za utumishi wa umma zinasema mstaafu anasafirishwa na mwajiri wake, yeye, familia yake na mizigo yake, mpaka nyumbani kwao. Mwajiri wake ni halmashauri. Mafao ameshapata, na hapa niwape haki yenu: kikotoo, yaani sehemu ya mafao inayolipwa kwa mkupuo, kilichoshushwa mwaka 2022 hadi asilimia 33 mlikipandisha katika bajeti ya 2024/25 hadi asilimia 40 kwa kundi lake, baada ya kelele nyingi za walimu. Lakini fedha ya mizigo haimo kwenye kikotoo. Hiyo ni ya kuombwa, kuhakikiwa, kuwekwa kwenye orodha, kuhakikiwa tena.

Basi amebaki kwenye nyumba ya shule. Vitabu vimefungwa kwenye viroba, kitanda kimefunguliwa vyuma vimeegemezwa ukutani, analala kwenye godoro chini ili siku lori likija asicheleweshe watu. Shuleni hapo ameletwa mwalimu mpya wa Sayansi, binti mwenye mtoto mchanga, amepanga chumba kijiji cha pili kwa sababu nyumba ina mtu. Anamuamkia Nusu Chaki kila asubuhi, na Nusu Chaki, kwa aibu, ameanza kutoka alfajiri ili asikutane naye. Mzee yule hajafanya kosa lolote la kumwonea mtu aibu. Nyinyi ndio mmemweka hapo.

Najua hayuko peke yake, na najua madai ya walimu ni marefu: likizo, uhamisho, malimbikizo ya mishahara. Mtasema bajeti. Mimi nasema fedha ya kumrudisha mstaafu kwao inajulikana miaka mingi kabla, kwa sababu tarehe ya kuzaliwa ya mtumishi mnayo siku mliyomwajiri. Hakuna dharura hapo. Iwekwe kwenye bajeti ya mwaka anaostaafu, ilipwe mwezi huohuo anaokabidhi ofisi, na nyumba ikabidhiwe kwa anayeingia.

Sisi tuliosoma kwake tungeweza kuchanga lori. Tumeshazungumza, na fedha ilikuwa ipatikane bila shida. Yeye amekataa. Anasema akisafirishwa na wanafunzi wake faili litafungwa, na wa nyuma yake watasubiri zaidi. Badala yake ametuomba tumpelekee mizinga kwa ajili ya shule, ya mbao, yenye viunzi. Tumeipeleka. Mwalimu mpya ameipokea na kusaini, na darasa la tano limeshapewa madaftari. Agizo lenu la mapato linasubiriwa kabla ya msimu wa kurina.

Majibu ya barua hii msiniletee mimi. Faili la Nusu Chaki liko kwa mkurugenzi wake, lina barua ya ajira, barua ya kustaafu na makadirio ya mizigo kutoka Tabora hadi Kasulu, na viambatisho vyote vimegongwa mihuri.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mtaalamu wa nyuki, Tabora

Nakala: Tume ya Utumishi wa Walimu, Chama cha Walimu Tanzania, Mwalimu wa Sayansi, darasa la tano.